Kijiko cha Shangazi Mwanaheri

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, baada ya alasiri,
Shangazi aliniuliza nasoma nini huko nisikorudi,
huku akiachanisha manda za sambusa
moja moja, zikilia kidogo kama noti mpya.

Nikasema: nasoma jinsi seli inavyomeza.
"Ina mdomo?"
Haina. Ina ngozi tu, utando wa mafuta;
zipange tando elfu kumi, moja juu ya nyingine,
hujafikia unene wa manda yako.
Na hautulii utando huo. Joto la mwili
linautikisa usiku na mchana,
kama uso wa uji unaokaribia kuchemka.

Chembe inakuja. Haina mguu, haina jicho.
Maji yanaipiga kikumbo huku, yanaipiga kule,
hadi inagusa.
Kipokezi kimoja kinaishika
kama huo unga wako wa kugandishia.
Kingine kinapita na hamsini zake, nacho kinanasa.
Hakuna aliyekiita.
Kila kinachonasa kinalipa kidogo,
na kila mkunjo unadai.
Malipo yakizidi deni, utando unapanda
ubavuni mwa mgeni, unamzunguka, unamfunika.

"Hayo ndiyo ya miaka minne?"

Akachota nyama kiasi cha punje ya mbaazi,
akaikunjia manda. Ikapasuka konani.
Akachukua donge la ngumi. Manda haikufika,
kitunguu kikabaki kinachungulia nje.
Kisha akashika kijiko chake, kile kile,
kilicholika upande mmoja kwa miaka ya masufuria,
na manda ikajifunga kama iliyokuwa ikingoja.
"Kijiko," akasema. "Andika hivyo."

Nikaandika.
Kijiko cha seli ni nanomita hamsini hivi.
Chini ya hapo mkunjo ni mkali, utando unagoma.
Juu ya hapo vipokezi vinachelewa,
vinatoka mbali, na vyote vinatangatanga.
Na virusi vingi, visivyokaa darasani hata siku moja,
vina kimo hicho, au jirani yake.

Akanyamaza. Mafuta yakaanza kunong'ona kaangoni.
Mwaka juzi mumewe, Kilua, alilala Bombo siku tisa,
pumzi zake akizihesabu kama chenji.

"Kwa hiyo kilichomchukua Kilua hakikuvunja mlango."
Hakikuvunja, Shangazi. Kilifunikwa.
Mwili wenyewe ulikikunjia nguo.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema,
na hakuna aliyecheka.
Siku ya tatu seli ilimpa mgeni jembe,
naye akalilima shamba lote,
akapanda sura yake mwenyewe.

"Kilua alikuwa hivyo hivyo. Hakujua kufunga mlango."

Nilitaka kumwambia seli haina ukarimu,
ina hesabu tu, ya gundi na ya mkunjo;
na kwamba hata dawa tunazifundisha njia hiyo hiyo,
tunazipima kwa kijiko hicho hicho.
Nilisema nusu. Nusu niliimeza.

Badala yake nikamwonyesha ninapokwama: shingo.
Mgeni ameshazungukwa, kifuko kimekamilika,
bado kinaning'inia kwa uzi mwembamba,
na kuukata uzi ule ni ghali kuliko safari nzima.
Gundi haitoshi. Kutikisika hakutoshi.

Hakuinua macho.
Alichovya kidole kwenye unga, akapaka kona ya mwisho.
"Hapa hapajifungi penyewe," akasema. "Hapa lazima dole."
Na kweli, wenzangu wanasema ipo protini
inayojisokota shingoni pale, inakaba.
Shangazi hakuhitaji kuiona.

Kengele ya baiskeli ikalia nje.
"Ngapi?"
"Tano, na pilipili."
Akazifunga kwenye gazeti la juzi,
kona ya mwisho akaibana kwa dole gumba,
akaishikilia hivyo
kidogo kupita ilivyohitajika.